Kinyozi wa Kuku Weupe

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mapipa mawili ya plastiki yenye kufuli. Mgeni aliyepita hapo mara ya kwanza alidhani ni dizeli, au pombe. Yalikuwa maji ya mvua. Kinyozi aliyakinga kutoka kwenye bati mwezi wa kwanza na wa pili, akayachuja kwa kitambaa, akayafungia, na hayakuguswa tena mpaka mwishoni mwa mwezi wa saba, siku za kuogesha kuku kwa ajili ya maonyesho. Maji ya visima vyetu hapa Hombolo yana chumvi. Sabuni haitoi povu la maana, na shuka jeupe likifuliwa nayo mwaka mzima linapata rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Yeye alifuga kuku weupe.

"Mimi na watoto tunaoga chumvi," mkewe aliniambia karibu kila nilipofika, kwa sauti ya kumfikia mumewe kwenye kibanda chake cha kunyolea. "Kuku ndio wanaoga mvua. Andika na hilo kwenye daftari lako, Fundi."

"Aandike," Kinyozi alijibu bila kugeuka. "Na aandike kwamba wewe hujawahi kwenda kushindana na mtu."

Watu wote walimwita Kinyozi, nami nitamwita hivyo hivyo. Habari za kuzaliwa kwake na za ukoo wake sizijui vizuri, zaidi ya kwamba alitoka upande wa Kondoa, na kwamba hakukosa swala. Ukoo aliopenda kuuzungumza ni wa kuku. Nimemfahamu kwa miaka kumi na tisa. Mimi ni fundi wa pampu za maji, Mgogo wa hapa hapa, niliyeishia darasa la saba na kujisomea mengine. Nilikwenda kwake mara ya kwanza kunyolewa, nikatoka na nywele upande mmoja, kwa sababu nitakayoieleza.

Kuku wa kibwenzi anajulikana nchi nzima. Ni yule mwenye shada la manyoya kichwani. Katika nyumba nyingi hutokea mmoja kati ya ishirini, wa kahawia au wa madoadoa, watoto wakamcheka, sikukuu ikifika akachinjwa kama wenzake. Wa Kinyozi walikuwa kitu kingine. Walikuwa weupe kuanzia kichwani hadi mkiani, miguu ya kijivu, na kibwenzi cha mviringo kama pamba iliyopasuka, kikubwa hata kikafunika macho, kuku akawa anatembea kwa tahadhari kama bibi harusi aliyeteremshiwa shela. Sijaona wengine kama hao katika mkoa huu, na kazi yangu imenipeleka vijiji vingi.

Anayeujua udongo wetu atauliza swali lile lile ambalo kila mteja aliuliza: kwa nini weupe? Hapa vumbi ni jekundu, na kuanzia mwezi wa sita upepo haupumziki. Kufuga kuku mweupe Dodoma ni sawa na kuvaa kanzu kwenda kuchimba kisima.

"Ndiyo maana," alisema. Jibu lake lilikuwa hilo tu.

Sasa nieleze kuhusu nywele zangu za upande mmoja. Kuku asiyeona vizuri ni chakula cha mwewe. Kinyozi alijua hilo, na sikio lake moja lilikuwa uani wakati wote, hata mashine ikiwa inanguruma mkononi. Jogoo akitoa ule mlio mfupi wa hatari, aliacha kichwa cha mtu kilipofikia na kutoka mbio. Siku yangu ya kwanza alitoka hivyo, akakaa huko muda mrefu akihesabu vifaranga, na mimi nilikuwa na pampu ya kijiji inanisubiri. Nikaondoka nilivyo. Siku nyingine aliyekuwa kitini ni mtendaji wa kata, mtu mnene, mwenye heshima zake. Mwewe alipotokea, mtendaji naye alitoka, shuka la kunyolea likipepea shingoni, nusu ya kichwa ikiwa na povu, akarusha kiatu chake juu na kikaangukia paa la jirani. Mwewe aliondoka bila kitu. Kwa mwezi mzima wanafunzi wa chuo waliokuja kunyoa waliomba "mtindo wa mtendaji."

"Mzee, mimi nitolee fedi," kijana mmoja alimwambia siku moja, akimwonyesha picha kwenye simu. "Lakini mwewe akija, umalize kwanza."

"Mwewe akija, wewe ndiye utakayetoka," Kinyozi alimjibu. "Una miguu mirefu kuliko yangu."

Yeye mwenyewe alijinyoa bila kioo, na nyuma ya sikio la kulia palibaki kijisitu ambacho hakuna aliyethubutu kumwambia. Aliwapaka piko wazee wenye mvi, akafanya kazi hiyo kwa ustadi hata mtu akarudi nyumbani na miaka kumi pungufu. Lakini vibwenzi vya kuku wake hakuwahi kuvigusa kwa mkasi. Wafugaji wengine niliowasoma wanapunguza manyoya yale ili kuku aone na jogoo aweze kupanda. Yeye aliyafunga kwa uzi laini, utosini, kama wanavyofungwa nywele mabinti wadogo, na kuyafungua siku ya maonyesho tu. Nilimuuliza mbona anawapaka watu piko na kuku hawagusi.

"Mtu ana ruhusa ya kudanganya kwa kichwa chake mwenyewe," alisema. "Kuku hajaniomba nimdanganyie."

Alikuwa na maneno mengine machache, na aliyarudia bila haya. Lililojulikana zaidi ni "Tusubiri kizazi cha tatu." Ukimwonyesha jogoo mzuri, alimtazama kutoka nyuma kwanza, kisha ubavuni, uso mwisho, halafu akasema hivyo. Alisema hivyo kuhusu aina mpya ya mtama. Alisema hivyo kuhusu barabara ya lami. Dada yangu alipoolewa nilimwomba Kinyozi aseme neno kwa niaba ya majirani, naye akasimama, akawatazama bwana na bibi harusi kwa makini, akasema kwamba wanapendeza sana, lakini tusubiri kizazi cha tatu. Wakwe zetu walinuna hadi pilau ilipofika. Mjomba wangu aliniuliza kama yule ni mchawi au ni mtani.

"Ni mfuga kuku," nilisema.

"Afadhali angekuwa mchawi," mjomba alisema.

Utani haukukosekana kati yetu. Aliniambia kwamba sisi Wagogo tunajua ng'ombe, ila kuku tunamwona mdudu. Nilimjibu kwamba watu wa Kondoa wakikosa milima ya kupanda wanaanza kuwapandisha kuku vyeo. Hakukasirika. Alikasirikia vitu vingine: kuku kushikwa kwa miguu kichwa kikiwa chini, mtu kusema "kuku wa urembo tu," na mtu kukosa siku ya chanjo.

Hapo kwenye chanjo pana jambo ambalo mtaa mzima unamdai shukrani. Mdondo ukiingia hufagia kuku wa kijiji kwa wiki moja. Kinyozi alipata dawa ya matone mjini, akaileta ndani ya chupa ya chai yenye barafu, na badala ya kuwachanja wa kwake tu alichanja wa kila nyumba. Alitangaza kwamba atakayeleta kuku wake wote asubuhi hiyo atanyolewa bure. Watu walipanga foleni, kuku kwapani, nywele zimeota. Alitia tone jichoni mwa kuku, akanyoa kichwa, akanawa, akaita mwingine. Niliwahi kumsifu kwa ukarimu ule.

"Ukarimu gani?" alisema. "Kuku wa jirani akikohoa, wa kwangu halali."

Nilivutiwa naye kwa sababu alifanya mambo kwa utaratibu, nami napenda utaratibu. Nilichomkuta hana ni kumbukumbu. Kuku wote alikuwa nao kichwani: huyu mama yake yule, yule babu yake aliliwa na kicheche. Nilikuwa nimenunua kwenye meza ya vitabu vikuukuu kitabu cha Kiingereza kuhusu uzalishaji wa mifugo, kisicho na jalada, na nilikuwa nakisoma kamusi ikiwa pembeni, kurasa mbili kwa jioni. Humo nilijifunza kutoboa kitundu kidogo kwenye ngozi iliyo katikati ya vidole vya kifaranga wa siku moja. Ukitoboa hapa ni uzao huu, pale ni uzao ule, na alama hiyo haifutiki. Nilimwonyesha. Alikitazama kile kitobozi changu kama mtu anavyotazama wembe wa kinyozi mgeni, kisha akanikabidhi kifaranga. Tangu siku hiyo daftari la ukoo lilikuwa kazi yangu.

Alinipa pia mitetea wawili nikakae nao. Lakini hakunipa kabisa. Wageni walipofika kwangu na kuwasifu, alisema, nikiwa nimesimama hapo hapo, "Hao kuku ni wangu. Fundi anawalisha tu." Wakataga, wakaangua, wakapata wajukuu, bado aliyasema hayo hayo.

Jambo alilolitaka maishani lilikuwa moja, na linaelezeka kwa urahisi. Katika maonyesho ya wakulima ya mwezi wa nane, banda la kuku lilikuwa na safu za kuku wa mayai, kuku wa nyama, bata, kanga, na safu moja ndefu ya kienyeji. Kuku wote wasiokuwa na pa kwenda waliwekwa kwenye hiyo ya kienyeji na kushindanishwa kwa uzito. Kila mwaka Kinyozi alipeleka kuku wake, waliooshwa kwa maji ya mvua, na kila mwaka mwamuzi alipitisha mkono kwenye vidari vyao vyembamba na kwenda kwa jogoo mnene wa jirani. Kinyozi hakulilia zawadi. Alitaka safu. Alitaka ubao mdogo ulioandikwa VIBWENZI, na kuku wake wapimwe kwa vile walivyo.

Mwenyekiti wa waamuzi alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini. Mwaka mmoja Kinyozi alimfuata na kumweleza. Yule daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba, kuku mmoja mzuri ni bahati," alisema. "Niletee babu, mtoto na mjukuu, majike kwa madume, wote weupe bila doa na wote wana kibwenzi. Hapo nitaamini ni aina, na aina nitaipa safu."

"Yaani kizazi cha tatu," Kinyozi alisema.

"Cha tatu."

Alirudi Hombolo akiwa na uso wa mtu aliyekubaliwa posa.

Tulijiandaa kwa miaka miwili. Kuku tisa walichaguliwa, watatu kila kizazi. Siku tatu kabla ya maonyesho tuliwaogesha. Mabeseni yalikuwa matatu: la kwanza la sabuni ya mtoto, la pili maji matupu, la tatu maji yenye tone moja la bluu, ile ya kufulia. Kila kuku alishikwa kifuani kwa kiganja, akazamishwa hadi shingoni, manyoya yakasuguliwa kwa kufuata yanavyolala. Kisha alizungushiwa kanga ya mama wa nyumba na kuwekwa jikoni karibu na jiko la mkaa, kwa kuwa mwezi wa saba kwetu ni baridi. Tisa walikaa mstari mmoja wakisinzia, kanga shingoni, na mke wa Kinyozi akalazimika kupikia nje.

"Wali wa wageni huu mnanifanya niupikie upeponi," alisema. "Hawa wakishinda, watanirudishia jiko?"

Nilimuuliza Kinyozi kama bluu si namna ya piko. Alifikiri, mikono ikiwa ndani ya beseni.

"Nguo ya swala ikitiwa bluu, utasema imedanganya? Bluu inaosha. Kuongeza na kung'oa, hayo ni mengine."

Mstari wake ulipita hapo. Sikuwa na hakika kwamba uko mahali pake, lakini niliuona ulipo, na ndiyo maana sina kisingizio kwa nilichokifanya.

Asubuhi ya kuamuliwa tulikuwa bandani mapema. Kinyozi alikwenda kutafuta chai. Nilikuwa nafungua nyuzi za vibwenzi na kuyachambua manyoya kwa kitana, na kwenye jogoo mdogo, wa kizazi cha tatu, yule mzuri kuliko wote, nikaona unyoya mmoja mweusi. Ulikuwa nyuma ya sikio la kushoto, chini kabisa, mrefu kama punje ya mchele. Haukuwepo tulipowaogesha, au ulikuwepo na hatukuuona. Nilimtazama Kinyozi kwa mbali. Alikuwa amevaa shati jipya, anacheka na muuza chai. Niliung'oa. Nikautia mfukoni.

Daktari alipita na wenzake wawili. Alimshika kila kuku, akamgeuza, akafunua mabawa. Alipomfikia jogoo yule alikaa naye muda mrefu, kisha akatabasamu, jambo ambalo sijui kama alilifanya mara nyingi. Kabla ya adhuhuri walileta ubao. Ulikuwa kipande cha mbao kilichoandikwa kwa rangi ambayo haijakauka, na Kinyozi alisimama mbele yake, mikono nyuma, kama mtu anayesoma tangazo refu. Alipewa cheti. Watu walimpa mkono. Mzee mmoja wa Chemba, aliyekuwa na majogoo makubwa ya kienyeji, alimwambia, "Kumbe miaka yote hii kuku wako hawakuwa wagonjwa!"

Jioni tuliwarudisha nyumbani. Ilikuwa desturi yake, kuku yeyote akitoka maonyesho, kumfunua manyoya yote kutafuta utitiri wa kuku wa watu, kabla hajachanganywa na wenzake. Nililijua hilo. Nilikuwa nimelifanya pamoja naye mara nyingi. Bado sikulikumbuka mpaka nilipomwona ameketi na jogoo yule mapajani, vidole vikiwa nyuma ya sikio la kushoto. Vidole vya kinyozi huona. Vilisimama.

"Hapa pametoka unyoya," alisema. "Leo."

Mkono wangu ulikwenda mfukoni.

Hakuniuliza ni nani. Aliuliza, "Ulikuwa wa rangi gani?"

"Mweusi, Mzee."

Aliendelea kumkagua jogoo hadi kwenye vidole vya miguu, akamrudisha bandani, akanawa mikono. Kesho yake asubuhi alichukua cheti na kwenda mjini. Nilimfuata bila kualikwa. Daktari alikuwa kwenye safu ya bata.

"Daktari, cheti kinasema kuku wangu hawana doa," Kinyozi alisema. "Mmoja analo. Lilikuwa unyoya mweusi, na uling'olewa kabla hamjapita."

"Nani aliung'oa?"

"Kuku ni wangu," alisema.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake. Unyoya ulikuwa bado mfukoni mwangu. Sikusema kitu, na nimeliandika hapa kwa sababu picha ya mtu huyu haiwezi kuwa kamili bila hilo.

Ubao uliondolewa siku hiyo hiyo. Habari zilienea haraka. Kwa miezi kadhaa watu walimtania kibandani: "Kinyozi, uninyoe na unyoya mweusi." Alinyoa. Zaidi yake, ni mkewe tu aliyejua kwamba ni mimi, kwa kuwa wanawake hujua, na siku moja alinipa chai akasema taratibu, "Fundi, kunywa. Wewe si mtu wa kwanza kumpenda mtu vibaya."

Wiki chache baadaye Kinyozi aliniita. Alikuwa amemshika jogoo yule yule.

"Umerudi," alisema, akanifunulia. Unyoya mpya ulikuwa umeota pale pale, mweusi zaidi ya ule wa kwanza. "Mchukue. Sitaki kumla, na hapa hawezi kukaa na majike. Lakini ni wangu. Wewe unamlisha tu."

Nilimchukua, nikarudi kwenye kitabu changu kisicho na jalada. Nilikaa na sura moja kwa majuma. Kisha nilikwenda kwake na daftari na kumweleza nilichokielewa. Weupe wa kuku si wa aina moja. Upo weupe wa kukosa rangi, na upo weupe unaofunika rangi iliyoko chini. Kuku akiurithi huu wa pili kwa baba na mama, mfuniko ni mzito. Akiurithi kwa mzazi mmoja tu, mfuniko unaweza kuvuja, na unyoya mweusi mmoja, au hata manyoya mawili, hujitokeza. Kwa hiyo unyoya ule haukuwa uchafu. Ulikuwa taarifa. Ulituambia kwamba katika kundi lake kuna kuku mmoja aliyewahi kuleta rangi.

Kinyozi alisikiliza, kichwa kimeinama.

"Kumbe ni kama piko," alisema. "Ila kinyume."

"Kinyume kabisa."

"Na ukiung'oa, huwezi kujua."

"Huwezi kujua," nilisema. Aliniangalia kwa muda, na sijawahi kukaripiwa zaidi ya hapo.

Tulifuata alama za vidole nyuma kizazi hadi kizazi, na daftari likatufikisha kwa jogoo mweupe aliyeazimwa Chemba, mwaka ambao kicheche alimmaliza jogoo wa nyumbani. Wazao wake walikuwa wametapakaa katika kundi zima. Njia ya kumjua aliyebeba rangi na asiyebeba ni kumpandisha na kuku wa kahawia: wakitoka vifaranga wa rangi, amebeba. Tulimjaribu kila jogoo, kila mtetea. Kazi ile ilichukua miaka minne, na waliofeli walikwenda chunguni. Kinyozi, ambaye aliweza kushindwa kula kwa huzuni kifaranga akifa, alikula waliofeli kwa hamu kubwa, akasifu mchuzi.

"Miaka hii tumekula vizuri," mkewe alisema. "Mwambie daktari aendelee kuwakataa."

Mwaka wa tano Kinyozi aliwasimamisha kuku kumi na tano mbele ya daktari yule yule. Alikuwa amevaa kanzu, na mkewe aliniambia kwa sauti ya chini kwamba imefuliwa kwa maji ya pipa, mara ya kwanza maji yale kugusa kitu kisichokuwa na manyoya. Daktari alivaa miwani. Alikagua nyuma ya sikio la kila kuku, la kulia na la kushoto, kwa dakika zisizopungua arobaini, na hakuna aliyemharakisha. Kisha akasema, "Leteni ule ubao." Walikuwa wameutunza. Nilijisikia mrefu siku hiyo, ingawa hakuna aliyenitazama.

Baada ya hapo aliwagawa. Jozi moja ilikwenda Chemba kwa yule yule mzee wa majogoo makubwa, jozi nyingine Gulwe kwa mwalimu mstaafu, nyingine Mpwapwa mjini. Kila aliyechukua alifundishwa kutoboa vidole na kuandika. Kibanda cha kunyoa alikifunga alipoanza kukata watu masikio. Ilikuwa presha ya macho, na ilipogunduliwa ilikuwa imeshakula sehemu kubwa. Miaka mitatu iliyopita mwanga wote ulizimika. Alihamia kwa binti yake mjini, kuku wake wa mwisho wakaenda Gulwe, na mimi nikabaki Hombolo na uzao wa jogoo mwenye unyoya, nikiendelea kuwasafisha taratibu, kwa maji ya mvua, kutoka kwenye mapipa yale yale aliyoniachia.

Mara ya mwisho nilimwona mwezi wa nane uliopita, kwenye maonyesho. Safu ya vibwenzi sasa ina vizimba ishirini na viwili, inaanzia mlangoni hadi kwa bata. Nilimwona akiingia na mkono begani kwa mkewe, kanzu nyeupe, kile kijisitu bado nyuma ya sikio. Nilimwamkia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Fundi. Pampu zinatoa maji?"

"Zinatoa."

"Ya chumvi?"

"Ya chumvi, Mzee."

Alicheka. Akaanza safu kutoka mwanzo. Mkewe alisoma kadi ya kila kizimba, mwenye kuku akafungua mlango, naye akaingiza mikono na kumpima kuku kimya kimya, kutoka nyuma, kisha ubavuni, kichwa mwisho. Wenye kuku walisimama wima kama wanafunzi. Mzee wa Chemba aliambiwa jogoo wake amenenepa mno, akajibu kwamba hata mwenyewe amenenepa, ni mwaka wa mtama mzuri.

Wakafika kwangu. Mkewe aliinama kwenye kadi yangu, akasoma kwa sauti kama alivyosoma nyingine.

"Jogoo. Miezi kumi na moja. Unyoya mmoja mweusi, nyuma ya sikio la kushoto."

Jirani zangu wa safu waliigeukia kadi. Waamuzi walikuwa bado hawajapita, na kwenye safu hii doa moja linatosha kukuondoa. Nililijua hilo nilipokuwa naandika. Unyoya wenyewe ulijitokeza wiki mbili kabla.

"Soma tena," Kinyozi alisema.

Mkewe alisoma tena.

"Nionyeshe."

Nilimshika kidole cha shahada nikakipeleka hadi nyuma ya sikio, nikatenganisha manyoya, nikakilaza juu ya ule mmoja. Kidole hakijui rangi. Alitegemea neno langu tu.

"Ni huu?"

"Ndio huo."

Aliushika kwa kidole na dole gumba, akauvuta kidogo, kwa upole, kiasi cha kuhakikisha kwamba umeshika. Jogoo akatikisa kichwa. Kinyozi akauachia, akaupapasa ukalala na wenzake, akatoa mikono kizimbani.

"Jogoo wa nani huyu?" mtu mmoja nyuma yake aliuliza, mgeni, aliyekuwa anapiga picha.

Nilijua jibu lake. Nilikuwa nimelisikia kwa miaka mingi. Nilisubiri aliseme.

"Wa Fundi huyu," Kinyozi alisema, akaweka mkono begani kwa mkewe, wakaenda kwenye kizimba kilichofuata.